Skii Nyepesi Nilizokuchagulia

Uvira, Alhamisi, alasiri

Nyota, mwanangu, mama yangu,

Ni ajabu kumwandikia barua mtu ninayemsikia akicheka upande wa pili wa ukuta. Uko hapo sebuleni, kichwa chako katikati ya magoti ya mama yako, anakusuka, na nywele bado hazijafika nusu. Mama yako akisuka hana haraka, kwa hiyo nina nafasi. Niliwaambia ninaingia chumbani kutafuta bisibisi. Sasa hivi umeniita, "Papa, hiyo bisibisi imevuka mupaka imeenda Bujumbura?" Nikajibu kwamba nimeiona, imejificha tu. Huo ni uongo mdogo. Mkubwa unakuja.

Sitakuambia uvae sweta. Mama yako ameshakununulia sweta nne na amekuambia utavaa zote kwa mpigo. Habari za sala umepewa na mchungaji, habari za wanaume umepewa na shangazi zako, tena kwa sauti ambayo jirani naye amefaidika. Kesho asubuhi tukivuka nawe mpaka ili ndege ikuchukue Bujumbura, utakuwa na mashauri mengi kuliko nguo. Mimi nitakuambia juu ya skii peke yake, zile za kutelezea theluji.

Najua unacheka. Kutoka sokoni mpaka bandarini, mtu akitaja theluji lazima wamtafute Papa Neje. Neje ni theluji kwa Kifaransa, na jina hilo sikubatizwa, nililitafuta mwenyewe kwa bidii. Nani mwingine mtaani kwetu amekaa Uswisi majira manne ya baridi? Nani mwingine amekula jibini inayonuka kama soksi na akaomba kuongezewa? Mimi. Na mamotari wote wanaoleta pikipiki zao nizitengeneze wanajua kwamba kabla sijafungua injini, ni lazima nifungue kwanza ile hadithi ya kushuka mlima.

Lakini jana kitu kilinikaa rohoni. Unakumbuka tulipopeleka valizi yako ya safari kwa Mama Riziki, tukaitundika kwenye mizani yake ya samaki. Ikazidi. Tukatoa ndagala, ikazidi. Tukatoa unga, ikazidi kidogo. Tukatoa kamusi niliyokupa mimi, ikakaa sawa, na Mama Riziki akasema, "Aa, kumbe ni maneno ya Papa Neje njo yalikuwa mazito." Mlicheka wote. Weye ukafungua kaye yako, daftari la safari, ufute vitu tulivyotoa, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lako. Nikaona ukurasa wa maandalizi ya masomo. Mistari mingi umeandika mwishoni, kwa mabano, ni nani alikuambia jambo hilo. Prof. Prof. Kitabu. Prof. Na katikati hapo, kwa wino wa bluu:

Skii: nyepesi kuliko zote (Papa).

Nikaenda nyuma ya vibanda vya samaki kana kwamba nina haja. Sikuwa na haja. Nilikuwa sina mahali pa kuweka uso.

Kwa sababu hii si hadithi ya pale kwenye pikipiki tena. Unaenda huko huko Uswisi kusomea maji yanayolala juu ya milima kabla ya kushuka mitoni. Kwa kazi hiyo wanafunzi wanapanda wakati wa baridi kali wakiwa wamevaa skii, zile mbao mbili ndefu za miguuni, wanachimba theluji, wanapima, kisha wanashuka. Profesa ameandika kwamba siku ya kwanza kila mmoja atachagua zake stoo. Na weye umeniambia kwa furaha, "Minye sitahangaika, Papa. Nitamwambia: nyepesi kuliko zote. Babangu alishuka nazo."

Nyota, sijawahi kushuka mlima na skii. Hata mmoja. Nilizivaa mara moja, kwenye uwanja wa kuegesha magari, nikaanguka juu ya gari la mkate.

Sasa nimeandika. Kalamu haijavunjika. Ngoja niendelee kabla sijaanza kujisifu kwamba nimekuwa mkweli.

Yule mhandisi mzungu aliyekuja kutandaza mabomba ya maji Lubarika, hapo nilikuwa kijana, ni kweli. Alinipenda kwa sababu nilimchekesha, na kwa ndugu yake huko Uswisi kulikuwa na kazi, hilo nalo ni kweli. Ndugu huyo, Bwana Remi, alikuwa na duka la kukodisha skii chini ya mlima. Mimi nilikuwa mtu wa chini ya duka, kwenye chumba kisicho na dirisha. Nilisugua mbao, nilinoa zile kingo za chuma za pembeni, nilipaka nta kwa pasi ya moto. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa sekondari, na Kifaransa changu kilikuwa kile cha kuitia abiria stendi. Lakini mikono ilikuwa mizuri, na mdomo ulikuwa mzuri kuliko mikono. Wateja wakisikia kicheko kutoka chini, wanashuka kuja kuona ni nani.

Siku moja Remi alikuwa ametoka, nikapanda juu kushika duka. Akaingia Madamu Kolet. Alikuwa mwalimu wa kijiji aliyestaafu, mwembamba, mpole, anaongea polepole ili mgeni kama mimi amsikie. Alitaka kwenda na rafiki zake mlimani, kupanda kwa miguu yake akiwa amevaa skii, si kwa ile mashine ya kuvuta watu. Mara ya kwanza katika maisha yake. Akasema ananiomba skii "fasil".

Sikiliza vizuri hapa, kwa maana umesoma kuliko mimi na utaona upesi kile ambacho mimi nilikiona baada ya miezi. Sisi mzigo usioumiza bega tunauita mwepesi. Na mtihani usiosumbua tunauita mwepesi. Kazi nyepesi, maswali mepesi, gunia jepesi, yote kwetu ni neno moja. Kwa Kifaransa ni mawili. "Fasil" ni kitu kisichokusumbua. "Leje" ni kitu kisicho na kilo. Madamu Kolet aliomba skii zisizomsumbua mtu asiyezoea. Mimi kichwani nikasikia: nyepesi. Nikaenda moja kwa moja ukutani, nikamletea zile nyepesi kuliko zote dukani, za watu wanaoshindana mbio za kupanda, watu wenye mapaja kama ya ng'ombe wa Rurambo. Nikamwekea mkononi.

Akashangaa. "Hizi ni manyoya tu."

"Ndiyo, Madamu. Ndizo ulizotaka."

Akazigeuzageuza. Kisha akaniangalia machoni, akauliza swali ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa chini ya pikipiki ya mtu: "Wewe mwenyewe ulishuka nazo?"

Neno lile la "fasil" ni kosa la kutojua. Ningeweza kujisamehe. Lakini swali hili nililielewa. Lilikuwa na maneno machache na nililielewa lote. Na pale mlango ulikuwa wazi: hapana, Madamu, mimi ni wa kupaka nta, ngoja Remi arudi. Dakika ishirini tu. Lakini alikuwa ananiangalia kama mjuzi, Nyota, na hakuna mtu katika nchi ile aliyewahi kuniangalia vile.

Nikasema, "Mara nyingi."

Alipanda vizuri sana. Rafiki zake walisema aliwatangulia, anaimba. Kurudi ndiko kulikomkuta. Mchana theluji ilikuwa imelainika kwa jua, jioni ikakaza kama sementi, na zile mbao zikaanza kutetemeka chini yake kama sahani mezani gari kubwa likipita. Mtu mzoefu anazituliza kwa miguu. Yeye hakuwa na miguu hiyo. Goti lilizunguka upande ambao goti halizunguki. Nilikuwa mlangoni na pasi ya nta mkononi walipompitisha juu ya kitanda cha kuburuta, amefungwa mablanketi, na aliponiona alinipungia mkono.

Miezi ikapita. Theluji ilipoanza kuyeyuka akaja dukani kwa magongo mawili. Remi alikuwa upande wa pili anahesabu viatu. Madamu Kolet hakumwita Remi, aliniita mimi, na hakuwa na hasira. Akauliza tena, kama mtu anayehakikisha jibu la hesabu: "Bwana, niambie. Zile skii, ulishuka nazo kweli?"

Hapo hakukuwa na lugha ya kusingizia. Nilikuwa nimeshajua. Nikasema, "Ndiyo, Madamu. Kwako ilikuwa bahati mbaya."

Akainamisha kichwa, akayaangalia magoti yake namna mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyerudia darasa. "Basi ni mimi," akasema. "Ni miguu yangu." Baadaye Remi aliniandikia kwamba tangu siku hiyo hakupanda tena mlima wowote. Mwanamke amekaa miaka yake ya uzee anatazama ule mlima kwa dirisha, akiamini miguu yake ndiyo iliyomwangusha, wakati ni mdomo wangu.

Nilirudi Uvira mwaka huo. Watu walisema nilirudi kumwoa mama yako, na hilo ni kweli, lakini nilikuwa pia ninamkimbia bibi mwenye magongo.

Na hapa ndipo uongo wa tatu, ule unaokuhusu weye. Nilipofika, watu waliniuliza, "Huko ulifanya nini?" Nani anataka kusikia habari za chumba kisicho na dirisha? Nikawapa hadithi. Mwanzoni nilisema tu niliona bibi anaanguka. Wiki iliyofuata nilikuwa karibu yake. Mwezi uliofuata nilikuwa nimevaa skii. Ulipokuwa na miaka sita na ukaanza kukaa juu ya kopo la oili kunisikiliza, nilikuwa tayari ninashuka mlima mzima peke yangu, Madamu Kolet mgongoni, upepo unanipiga, mamotari wanapiga makofi. Bahati, mmoja wa mamotari hao, aliuliza kila mara, "Na yule bibi alikuambia nini, Papa Neje?" nami nikajibu, "Alisema: Uvira iko na wanaume." Nilimchukua mwanamke niliyemvunja nikamfanya mzigo wa sifa zangu.

Weye ulikuwa unauliza swali moja tu: "Papa, uliogopa?"

"Kuogopa iko nini? Iko chakula?"

Ndiyo maana ulipanda kile kilima cha udongo mwekundu nyuma ya nyumba na gome la mgomba, ukakaa juu yake ukashuka kama Papa. Kovu lililo kwenye kidevu chako limetoka pale. Mama yako alilia, mimi nikacheka, nikawaambia watu mtoto amerithi. Nilijua umerithi nini.

Kisha mwaka jana ukaandika barua ya kuomba nafasi hii. Ukanisomea jioni, uso unang'aa: "Nilipenda theluji kabla ya kuiona, kwa sababu baba yangu alimwokoa mtu ndani yake." Na mimi nilifanya nini? Nilikusahihisha. Nilikuambia uongeze neno "peke yake".

Kuhusu hilo usiogope. Hawakukuchukua kwa ajili yangu. Walisoma vipimo vyako vya Ruzizi, zile asubuhi zote ulizosimama na maji ya mto kifuani na chupa zako. Sentensi yangu ukiichomoa, barua haitapungukiwa na kitu. Itakaa sawa kwenye mizani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilijua. Hata kabla ya Uswisi, nilijua. Mama yangu, huyo uliyepewa jina lake, alikuwa anatoka Lubarika na unga wa muhogo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, anapanda Rurambo kwa wafugaji kubadilisha na siagi. Nilimfuata likizo moja. Alikata tete jepesi la kuegemea, akapanda nalo mpaka juu. Tulipomaliza kubadilisha, akalitupa kwenye majani, akaanza kutafuta fimbo nyingine, nzito, ya mti mgumu.

"Mama, juu ya nini unatupa fimbo nzuri vile?"

"Iko nyepesi."

"Si njo uzuri wake?"

"Kupanda, ndiyo. Kushuka magoti inatetemeka, na yenyewe inatetemeka. Nani atashika mwenzake?"

Maneno hayo yalikuwa kichwani mwangu siku ile nikiwa nimezishika zile mbao za Madamu Kolet. Sikuyaita. Nilifikiri ya Rurambo ni ya Rurambo na ya wazungu ni ya wazungu.

Kwa hiyo chukua kaye yako, futa ule mstari wa bluu. Ninachokijua nakupa sasa, na nitakuambia nimekijulia wapi.

Kwa mikono yangu ninajua hivi. Ukipima skii, usipime mbao peke yake. Pima na vile vifungio na viatu pamoja, kwa sababu kuna mbao nyepesi zinazobebeshwa kiatu kizito, na hapo kiatu kinaamrisha na mbao haiwezi kutii. Ngozi za kupandia, zile unazobandika chini ya mbao, manyoya yake yamelala upande mmoja kama ya mbuzi: ukisukuma mbele yanateleza, ukirudi nyuma yanashika. Zifunike tumbo lote la mbao lakini ziache kingo za chuma wazi, maana ukingo ukifunikwa hauumi barafu. Gundi yake isiguse vumbi. Kisigino kinaachiwa wakati wa kupanda na kufungwa wakati wa kushuka, na ukifika juu umechoka, mikono imekufa ganzi, ndipo utasahau. Kiangalie mara mbili.

Kwa macho yangu ninajua hivi. Kila jioni mimi ndiye niliyepokea mbao zikirudi. Waliochukua zile nyepesi kabisa na hawakuwa wazoefu, walinisimulia kupanda tu. Kushuka walinyamaza. Waliochukua za katikati, zenye uzito kidogo, walirudi wamechelewa, wanahema, na wanasimulia yote mawili.

Kwa masikio tu, kutoka kwa Remi: mtu anayeanza achukue hizo za katikati, na zile nyepesi kama manyoya azisubiri mpaka miguu yake ijifunze kutuliza mbao. Hilo linaonekana la kweli, lakini nimelisikia tu, kwa hiyo andika kwenye mabano "Remi", usiandike Papa. Na Remi naye hayupo hapo stoo kwenu. Yeyote atakayekushika mkono na kukuambia chukua hii, awe profesa, awe kijana mzuri mwenye ndevu, muulize lile swali la Madamu Kolet. Wala usiangalie mdomo wake akijibu. Mimi mdomo wangu haukutetemeka hata kidogo.

Sijui kama yule mama bado yuko hai. Anwani ya duka la Remi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sikuombi uende kwa niaba yangu, kwa maana nimeshakubebesha vya kutosha. Mimi nitamwandikia mwenyewe, Kifaransa changu kilivyo, na nitamwambia kwamba miguu yake haikuwa na kosa. Ukipita kijiji kile kwa mambo yako, na ukamwona bibi dirishani, msalimie tu kama jirani.

Sasa nasikia mama yako anasema bado misuko miwili. Nilipanga kuificha barua hii ndani ya kiatu chako cha kushoto, uikute huko, mimi nikiwa huku, nisiuone uso wako. Hiyo ingekuwa njia nyepesi kwangu, kwa maana zote mbili za neno hilo.

Sitafanya hivyo. Nitakupa mkononi nikipita. Kisha nitatoka uani, nikae juu ya ile pikipiki mbovu ya Bahati. Soma mpaka hapa, polepole. Ukitaka kukasirika, kasirika leo wakati bado niko karibu. Halafu toka uje, simama mbele yangu, uniulize: Papa, weye mwenyewe ulishuka nazo?

Madamu Kolet aliuliza mara mbili na nikamnyima. Weye uliza mara moja.

Baba yako,
fundi wa pikipiki

Bisibisi ilikuwa mfukoni tangu mwanzo.